Ubao wa Nne

Sauda,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako na nyumba imetulia, kwa hiyo nakuandikia sasa, adhuhuri imepita tu, kabla hujarudi na kelele zako. Mambo ya chandarua, ya dawa yako ya pumu, ya kutopanda bodaboda bila kofia, tumeyasema wiki nzima mpaka umenichoka. Siyarudii. Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyosema jana, ukiwa umepiga magoti juu ya sanduku ili lifunge.

Ulisema, "Nikifika Malindi, kabla sijavua viatu, nitamuuliza Nyanya kwa nini alikufukuza na mimi nikiwa tumboni mwako. Na atakuomba radhi. Asipoomba, sikai kwake, nitahamia bweni la chuo."

Nami nikakwambia ulikunje vizuri lile dera la kijani.

Hilo ndilo jibu nililokupa. Mimi mwalimu, ninayemtoa mwanafunzi darasani kwa kuchungulia karatasi ya mwenzake, nilikuacha ufunge sanduku na uongo wangu ndani. Nimekasirika tangu jana. Asubuhi nimeosha vyombo kwa hasira nikavunja kikombe, kile chenye ua, usikitafute. Sikukasirikii wewe, ingawa ulimi ule wa jana naujua umeutoa wapi. Nimejikasirikia mimi, na nikijikasirikia huwa natafuta mtu wa kumgawia. Safari hii sikumpata. Basi soma.

Nyanya yako hakunifukuza.

Niliolewa na babako nikiwa na miaka kumi na minane, nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, matokeo yangu yamesomwa kanisani kwa babu yako kama tangazo la arusi. Nilikuwa Kadzo wa Kibarani. Nikasilimu, nikawa Khadija, nikapelekwa Malindi kwa mama mkwe. Babako alikuwa mpishi katika hoteli moja ya ufuo wa Bofa, huku Kilifi, na kila wiki mbili alikuja nyumbani siku mbili. Siku nyingine zote tulikuwa mimi na Bi Zena katika nyumba ile ya mji wa kale, ya mawe na chokaa, yenye ua mdogo na stoo ya kuni.

Bi Zena hakuwa akigomba nami. Afadhali angegomba. Alikuwa akinisema kwa jirani, dirishani, mimi nikiwa hatua tano nyuma yake nachagua mchele.

"Nimeletewa msomi, shoga yangu. Maji anajua yameundwa na nini, ila kuyateka mpaka atumwe."

"Atazoea, Bi Zena."

"Atazoea lini? Nazi anaikuna kama anamfukuza mbwa."

Wakacheka. Ningecheka nao siku moja tu labda mambo yangekuwa mengine, maana nazi kweli nilikuwa nikiikuna hivyo. Lakini sikuwa mtu wa kucheka. Nilikuwa mtu wa kuweka. Kila neno lake nililiweka mahali pake, na usiku nilikuwa nikiyatoa moja moja kuyatazama.

Sasa kitanda. Juma lililopita Nyanya alikwambia kwa simu kwamba chumba chako kina kitanda chenye mchago aliouunda mamako kwa mikono yake. Ukanijia mbio, "Mama, kumbe wewe ni fundi! Mbona hujawahi kusema?" Nikasema ni mambo ya zamani, nikawasha redio. Mchago huo, ule ubao wa kichwani utakaouegemea usiku ukisoma vitabu vyako, ndio habari yenyewe.

Kitanda kile kilikuwa cha ujana wa babako, hakina kitu kichwani. Ukilala, mto unakwenda ukutani, na ukuta ule ulikuwa ukimomonyoka chokaa kwa unyevu wa bahari. Kila asubuhi niliamka na nywele nyeupe kama nimezeeka kwa kulala. Nilikuwa na mimba yako ya miezi mitano. Kulala chali siwezi, kuegemea siwezi. Babako akaahidi atanunua kitanda kipya. Akaahidi mwezi huo, akaahidi na mwezi wa pili. Hakuwa mwongo, Mungu amrehemu, ila kwake ahadi ilikuwa ni njia ya kumaliza mazungumzo.

Siku moja hoteli haina wageni alinichukua akanionyesha chumba. Kichwani mwa kitanda palikuwa na mbao za ovyo, hazikupigwa randa, nyingine ndefu nyingine fupi, zimesimama kama uzio wa banda la kuku.

"Swaleh, hizi ndizo walizoharibu?"

"Hizo ndizo wageni wanazozilipia," akasema babako. Tukacheka mpaka tumbo likaniuma.

Lakini mimi niliinama na tumbo hilohilo nikachungulia kwa nyuma. Miti miwili imelazwa, mbao zimesimamishwa juu yake, skrubu zimeingia kwa nyuma ili zisionekane. Basi. Ni kitu ambacho mtu aliyefaulu hisabati anaweza kukifanya uani, bila gharama, bila kumsubiri mwanamume. Nilirudi Malindi na furaha ambayo sijui niifananishe na nini. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile kungekuwa na kitu changu.

Jirani alikuwa akijenga, nikaomba miti miwili ya mvinje iliyobaki kwenye jukwaa la mafundi, nikapewa. Fundi Omari, seremala wa mtaa, mzee mwenye kikohozi kisichoisha, akaniazima msumeno, keekee ya mkono ya kutobolea na bisibisi, akanichotea skrubu kutoka kwenye kopo lake la maziwa. Nikakosa mbao tu.

Bi Zena akaenda arusini Mambrui kwa dada yake, akae siku tatu. Asubuhi ya kuondoka, amekwisha kuvaa buibui, alifunga kabati la sukari, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso, akamwambia jirani dirishani, "Niangalilieni nyumba. Si yeye. Nyumba."

Mchana huohuo niliingia stoo. Juu ya uchaga wa kuni nikaona fungu limeviringishwa ndani ya mkeka mkuukuu, limefungwa kamba ya makumbi. Ndani mna mbao saba za mwarobaini. Zote za urefu mmoja, kutoka sakafuni mpaka juu kidogo ya kiuno changu, zimekatwa sawasawa, kavu, hazina tundu hata moja la mdudu. Hakuna anayeviringisha mabaki ndani ya mkeka, Sauda. Hakuna anayeyafunga mafundo matatu. Niliyaona mafundo yale, nikayafungua kwa meno, nikajiambia ni mabaki ya fundi, kwa sababu nilizitaka.

Nikazilaza uani. Mwarobaini ukiukata vumbi lake ni chungu, linaingia mdomoni na hutemi likaisha. Nilitaka mchago uwe kama ule wa Bofa, mbao zisilingane, kwa hiyo ilinibidi nizipunguze. Ubao wa kwanza nikaupunguza kiganja kizima. Wa pili, vidole viwili. Wa tatu, kiganja na nusu. Nilikuwa nikiimba. Wewe hujawahi kunisikia nikiimba.

Ndipo Fundi Omari akapiga hodi, amekuja kuona kama nimeukata mguu wangu au nimeuacha. Akasimama katikati ya ua. Akazitazama mbao, akautazama mkeka.

"Bi arusi, hizi umezitoa wapi?"

"Za nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwani Fundi siku hizi umekuwa askari wa misitu?"

Hakucheka. Alichutama, akakohoa, akaugusa ubao mmoja kwa mgongo wa kidole kama mtu anayepima homa. "Hizi nilizipasua mimi. Ni viunza vya Bi Zena. Amejiwekea."

"Viunza ni nini?"

Akanitazama, akakumbuka nimetoka wapi, akanieleza polepole bila kunidharau. Maiti akishalazwa kaburini, viunza ndizo mbao zinazomfunika, mchanga usimwangukie. Mume wa Bi Zena alipofariki zilikosekana. Watu walihangaika, jua linazama, mwisho wakabandua milango ya kabati. Bi Zena akasema yeye hatamsumbua mtu. Akamwagiza Fundi mwarobaini, ukapasuliwa, ukakatwa kwa kipimo cha kaburi lake, akaufunga mwenyewe ndani ya mkeka.

"Zilizokatwa zimekatwa," akasema Fundi Omari. "Hizi nne nzima zifunge uzirudishe juu. Nitamtafutia nyingine tatu kabla hajarudi. Hatajua mtu."

Kisha akaondoka. Msumeno aliniachia.

Mpaka hapo sikuwa na kosa la kunilaza macho. Kwetu tunazika kwa jeneza, na hata nyumba za Kiislamu wanawake hatuendi makaburini. Viunza ningevionea wapi? Yale niliyomwambia babako, niliyomwambia kila aliyeuliza, kwamba masikini mimi sikujua, ni kweli mpaka ubao wa tatu.

Nilikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikafikiri. Nataka ulijue hilo: nilifikiri. Hazikuwa hasira za kufumba na kufumbua. Nilifikiri ufunguo wa kabati la sukari. Nilifikiri "si yeye, nyumba." Nilifikiri mwanamke huyu amejiandalia mpaka mbao za kumfunika akiwa maiti, amezilaza ndani ya mkeka kama mtoto mchanga, na mimi niliyebeba mjukuu wake hajaniandalia hata mahali pa kuegemeza kichwa. Nikainuka, nikaukata ubao wa nne. Nikaukata wa tano, wa sita, wa saba.

Ningeweza kuziacha zile nne na urefu wake. Mchago ungependeza vilevile, na siku yoyote ningefungua skrubu nikazirudisha. Nilizikata ili zisirudi.

Nilipozikata zile mbao tatu za mwanzo sikuwa na hasira hata. Hasira za kudharauliwa dirishani sizionei haya, ningekuwa nazo leo pia. Ila ule muda niliokaa juu ya mbuzi, nimejua kila kitu, nimepewa njia ya kutoka na mtu mwenye huruma, kisha nikainuka nikaufuata msumeno, huo siujui niuite nini. Nimesoma mpaka chuo kikuu nikikubeba mgongoni, nimesoma vitabu vya mambo ya nafsi vya kujaza kabati, nikitafuta jina la muda ule. Halipo. Ni mimi tu.

Na kazi niliifanya vizuri, hilo nalo linaniudhi. Niliipasua miti ya mvinje katikati ipate ubapa. Nikazipanga mbao kifudifudi juu ya mkeka wake mwenyewe, nikaacha nafasi ya kidole baina ya ubao na ubao. Nikatoboa matundu kwanza kwa keekee, maana mwarobaini ukiulazimisha skrubu hupasuka, nikakaza kwa nyuma mpaka kiganja kikatoka lengelenge. Nikapiga msasa kingo tu, nikauacha uso na michirizi ya msumeno wa Fundi. Nikapaka chai ya rangi iliyokolea ili ukongwe uonekane, ikakauka juani, nikaupaka vanishi. Nikaufunga kitandani. Ulikuwa mzuri kuliko ule wa Bofa. Nilikaa nikauegemea, nikawa nasubiri.

Bi Zena alirudi siku ya tatu alasiri. Nilimsikia akizungumza na mtu barazani, kisha akaja moja kwa moja chumbani kwangu, buibui bado liko mwilini. Alisimama akautazama mchago. Hakunitazama mimi.

"Nani aliyekupa hizi?"

"Nilizikuta stoo, Mama. Nilidhani ni mabaki."

"Hukujua?"

"Sikujua."

"Hukujua, Khadija?"

"Kwetu tunazika kwa jeneza, Mama. Ningejuaje?"

Aliuliza tena mara ya tatu, sauti ileile, kama anayempa mtu nafasi ya kuchagua. Nikasema tena sikujua. Akaja akapitisha kidole juu ya vichwa vya zile mbao, pale nilipozikata.

"Umepima vizuri," akasema. Kisha akaketi kando yangu, kitanda kikalia. "Basi utanitafutia vingine. Ukishajifungua, ukipata nguvu. Sina haraka ya kufa."

Ni hayo tu. Sikutukanwa. Sikutolewa nje. Jirani hakuambiwa kitu dirishani. Aliniomba nimlipie alichokuwa nacho, kwa wakati wangu, na hata mzaha akauweka mwishoni.

Ningekuwa mtu, ningesema ndiyo, Mama. Lakini nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na vita visipokuja mtu aliyejiandaa hujiona mjinga. Nikaenda kibandani nikampigia babako simu Bofa. Nikalia. Nikamwambia mamake amenikuta nimejiundia mahali pa kulala kwa mbao za kutupwa, na sasa ananitaka mimi mwenye mimba nikamtafutie mbao za kaburi, tena kwa kosa la kutojua mila zao. Kila neno lilikuwa karibu na ukweli. Nilichagua lipi litangulie, basi.

Babako alikuja kesho yake na gari la rafiki yake wa hotelini. Unazijua hasira zake, zilikuwa kama moto wa makuti. Alimwambia mamake maneno ambayo sitayaandika, ya kumdharau msichana mgeni wa mila, ya kuthamini mbao kuliko mjukuu. Bi Zena alisimama barazani na leso mabegani.

"Umemaliza, Swaleh?"

"Nimemaliza. Na hunioni tena."

"Haya. Mwendeshe polepole, ana mimba."

Tukahamia hapa Kilifi. Na mimi, kila mtu alipouliza, nikasema nimefukuzwa. Mwanzoni sikulisema, watu walilisema kwa niaba yangu na mimi nikainamisha kichwa. Baadaye nililisema mwenyewe. Baadaye sana nikakuambia wewe, ulikuwa na miaka sita, umeuliza kwa nini huna nyanya wa Malindi. Ulilia kwa ajili yangu. Ulinipa peremende uliyokuwa ukiila. Naikumbuka peremende ile kuliko mtihani wowote niliofanya, na nikiikumbuka natamani kujipiga.

Babako hakurudi kwa mamake. Mara mbili alikwenda Idi, akasimama mlangoni, akasalimu, akageuka. Miaka kumi na mmoja. Mara ngapi nilimwona amekaa na simu mkononi, jina la mamake liko kwenye kioo, kidole hakishuki? Ningemwambia sentensi moja tu. Nilikuwa nikiipanga. Nilisema nitamwambia ukianza shule, nitamwambia nikimaliza chuo, nitamwambia figo zake zikipata nafuu. Figo hazikupata nafuu.

Siku ya mazishi ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Unakumbuka Nyanya aliteremka kwenye pikapu na fungu la mkeka, nawe ukaniuliza kama amekuja na mkeka wa kulalia matangani. Vilikuwa viunza, Sauda. Alijiwekea vingine baada ya vile vyangu, na siku ile alivileta. Wanaume wakavipokea. Babako amefunikwa na mbao ambazo mamake alijikatia mwenyewe. Alinipita mlangoni, akanishika bega, akasema, "Mpe mtoto uji, hajala," akaingia ndani kwa waombolezaji. Tangu siku hiyo anakupigia simu wewe kila Ijumaa, na mimi natoka chumbani.

Usidhani namremba. Mwanamke yule ana ulimi wa kukuchuna ngozi, na utauonja. Atakwambia unatembea kama mkusanya kodi. Atafunga sukari. Nilidharauliwa kweli katika nyumba ile, na siku nyingine bado namkasirikia kwa hayo, kwa haki yangu. Kosa langu ni kudhani kwamba kwa kuwa nilionewa dirishani, basi kila nitakalolifanya uani litakuwa halali.

Hapa niliweka kalamu nikampigia simu. Niliona ni upuuzi kukwambia wewe kwanza, uende ukanibebee habari yangu mpaka mlangoni kwake kama tarishi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mtoto ameghairi?"

"Hajaghairi. Mama, vile viunza. Nilijua. Fundi Omari aliniambia mbao nzima zikiwa zimebaki nne."

Nilisikia redio nyuma yake, kisha ikazimwa.

"Najua," akasema. "Omari alinikuta barazani, sijavua buibui."

"Ulijua siku ileile?"

"Kabla sijaingia chumbani kwako. Niliingia nione utasema nini."

"Basi mbona hukumwambia Swaleh? Miaka kumi na mmoja, Mama!" Nilipaza sauti, Sauda. Nilimfokea, kana kwamba mwenye kosa ni yeye.

"Usinipigie kelele, masikio yangu mazima. Ningemwambia angekuacha. Mwanangu namjua, talaka ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ungerudi kwenu na tumbo lile, watu wangesema nini? Nikasema hasira zake nizichukue mimi. Mimi ni mamake, mimi haniachi." Kisha akasema, "Akaniacha."

Nikasema, "Nisamehe, Mama."

"Sijakusamehe. Kusamehe kwa simu mimi sikujui. Utakuja uniambie nikikuona uso."

"Na ule mchago, mbona hukuuvunja?"

"Nivunje mbao zangu?" Akakata simu.

Nimekaa hapa robo saa nikiitazama karatasi. Nilidhani nikishasema nitapoa, kumbe nimekasirika zaidi. Nilitaka anifokee tulingane. Alinilinda, na hakunipenda, na alinilinda huku akimpoteza mwanawe wa pekee, na mimi nilikuwa hapa Kilifi naambiwa pole. Simjui mtu wa namna hiyo nimweke wapi. Wewe utaishi naye miaka mitatu, labda utanieleza.

Kesho nakwenda Malindi pia. Nimeitwa. Ukinitaka tukae kiti kimoja garini, tutakaa. Usiponitaka, panda lako, mimi nitapanda gari linalofuata, sitakuuliza kwa nini. Ila lile swali ulilolifunga ndani ya sanduku, la nani alimfukuza nani na nani amwombe nani radhi, usimpelekee yeye. Ni langu.

Ukimaliza kusoma usije kunikumbatia. Nakujua, utataka kufanya hivyo ili upate pa kuficha hasira zako, nami najua hasira zilizofichwa zinavyofanya kazi. Mimi niko uani, nimejitandikia jamvi. Njoo uniseme. Niseme yote, leo, kwa sauti yoyote, majirani wasikie, sitajitetea. Ukimaliza, anza tena. Kesho tukisimama mbele ya Bi Zena nataka uwe huna neno lililobaki kinywani ila shikamoo.

Mamako